Kadi Sitini za Kiwembe

Kazini walimwita Kiwembe, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mkata karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, chumba cha nyuma, kwenye mashine yenye kisu kirefu kuliko mkono wa mtu mzima. Mpe rundo la karatasi mia tano, atapitisha kidole gumba pembeni, akwambie kuna moja humo nzito kuliko wenzake, na aitoe hapohapo. Bosi alishaacha kubishana naye. Lakini mtoe kwenye mashine umkalishe kwenye kiti uone vituko! Mguu unacheza, vidole vinagonga meza, anainuka kufunga dirisha, anarudi, anainuka tena kulifungua. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, kila akirudi aliuliza kwanza akiwa mlangoni: "Kitanda bado kipo upande ule ule, au nitajigonga?"

Sasa mwanamke wa namna hiyo, nani alimtuma apende mchezo wa Minara?

Kwa asiyeujua, Minara ni mchezo wa kadi wa watu wawili. Kadi zenyewe zipo kwa maelfu, unazinunua kwenye vipaketi bila kujua ndani kuna nini, unabadilishana na wenzako, unakusanya. Kisha katika maelfu hayo unachagua sitini tu, na hizo ndizo seti yako. Una wapiganaji, una silaha, una kuni za kuwapikia wapiganaji wapate nguvu. Kila mchezaji ana minara mitatu mbele yake. Wa kwanza kuangushiwa yote mitatu ameshindwa, anampa mwenzake mkono na kuondoka. Ni hivyo tu. Ugumu wote upo katika kuchagua hizo sitini, na ugumu mkubwa zaidi ni kuziacha ukishazichagua.

Hapo ndipo Kiwembe alipokuwa akikwama. Mashindano yalifanyika mara moja kwa mwaka, kwenye ukumbi wa shule, na wanane bora walipata nafasi ya kwenda kucheza mashindano makubwa zaidi. Mwaka wa kwanza alibadilisha nusu ya seti siku moja kabla, akafungwa na kila mtu. Mwaka wa pili akawa amejenga seti nzuri, watu wakaisifu, asubuhi ya mashindano mkono ukamuwasha, akatoa kadi moja akaweka nyingine. Masikini, alisahau kwamba orodha ya kadi sitini alishaikabidhi kwa waandaaji kwenye duka la kadi, na kilichoandikwa kwenye orodha ndicho kinachotakiwa kuwa ndani ya kasha, basi. Mwamuzi alikagua, akakuta kadi ngeni, akampiga adhabu mbele za watu. Tangu siku hiyo kwenye mchezo ule hakuwa Kiwembe tena. Walimwita Mama Badili. Alicheka nao, lakini kilimuuma, na kilimuuma kwa sababu kilikuwa kweli.

Mwaka wa tatu hakufika mbali. Wa nne ndio huu ninaousimulia, na alishasema nyumbani kwa kinywa chake: "Nisipoingia wanane bora safari hii, nazigawa kadi zote. Nimechoka kuitwa Mama Badili." Mumewe akaguna. Baba mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake cha dirishani, aliiweka kauli hiyo moyoni.

Mzee huyo alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alifungua saa za watu kwenye kibanda kidogo chenye taa, lenzi jichoni, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Fundi saa mwenye mikono ya kutetemeka atafanya nini? Alifunga kibanda, akahamia kwa mwanawe, na miezi ya kwanza aliizunguka nyumba ile kama mtu aliyepoteza funguo. Anafungua kabati, anafunga. Anamuuliza mkwewe saa ngapi, naye saa anayo mkononi! Kiwembe alimwangalia, akajiona yeye mwenyewe. Siku moja akamwekea kadi mezani. "Baba, hebu nikufundishe huu mchezo, nipate mtu wa kufanya naye mazoezi."

"Mimi na michezo ya watoto?" mzee akasema.

"Basi kaa tu, unishikie hizi."

Wiki haikuisha mzee alikuwa ameitoa lenzi yake kwenye sanduku la vifaa, anasoma maandishi madogo chini ya kila kadi, tena kwa sauti, tena kwa ubishi. Tangu hapo kila jioni Kiwembe akitoka kazini anakuta meza imeshafutwa, kadi zimepangwa, mzee amekaa.

Safari hii seti ilijengwa kwa miezi mitano. Kiwembe alikuwa akiokota vipande vya karatasi ngumu vilivyobaki kwenye mashine, anavikata saizi ya kadi, anaandika kwa kalamu: Mshale wa Radi, Mpanda Punda, Kuni Kavu. Za karatasi hizo ndizo walizojaribia, maana ukinunua kila kadi unayoifikiria utauza hadi sufuria. Alichagua mwendo wa kasi: wapiganaji wadogo, kuni chache, Mishale ya Radi minne, piga mnara kabla mwenzako hajakohoa. Ilikuwa seti ya tabia yake. Mzee aliipenda, lakini kulikuwa na jambo moja hakulikubali hata kidogo.

"Mwanangu, nyumba yako haina mtu mlangoni."

"Baba, tumeshaongea hili."

"Wote umewapeleka shambani. Mtu akija na jeshi, nani atamwambia hodi haipokelewi?" Kisha anaichomoa kadi yake, ile aliyoipenda kuliko zote, Bibi wa Mlangoni. Bibi huyu hapigi, hashiki silaha. Lakini akikaa mezani, adui hawezi kugusa mnara wako kwa zamu nzima. "Mmoja tu. Toa mshale mmoja, mtie Bibi."

"Bibi ni mzito, baba. Anakula kuni mbili."

"Hata mimi nakula, na hujanifukuza."

Kiwembe alicheka hadi machozi, lakini Bibi hakuingia. Mzee akairudisha kadi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa na alama ya mafuta ya saa kwenye pembe ya juu, tone dogo la kahawia lililoachwa na kidole chake, kwa sababu hata baada ya kustaafu aliendelea kuzipaka mafuta saa zake mbili tatu, mkono usisahau kazi.

Jumatano Kiwembe alipeleka orodha dukani. Aliporudi alilitia kasha la seti mikononi mwa mzee. "Baba, nifungie hili. Likikaa kwangu nitalifungua, najijua. Hata nikikuomba, hata nikilia, usinipe hadi Jumamosi asubuhi."

Mzee alichukua uzi mweusi, akalizungushia kasha, akafunga fundo dogo la kifundi, akaliweka kwenye droo yake. "Limelala," akasema.

Loo, siku tatu zile! Alhamisi Kiwembe alikata kalenda za kampuni ya bima na kichwani anahesabu kuni: kumi na nane zinatosha au kumi na tisa? Akakata vibaya rundo zima, jambo ambalo halijatokea miaka minne, bosi akaja kuangalia kama anaumwa. Ijumaa alipita mbele ya mlango wa mzee mara saba. Mara ya nane akagonga.

"Unataka nini?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Nilikuwa nauliza kama umekula."

"Nimekula. Nenda zako."

Na akaenda. Hapo mumpe haki yake jamani, alikwenda! Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, akapiga pasi hadi taulo, lakini droo hakuigusa. Alijisikia mtu mwingine kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo huu alikuwa amechagua jambo akaliacha lilivyo.

Jumamosi asubuhi mzee alimkabidhi kasha, fundo lilelile, uzi uleule. Mkono ulikuwa unamtetemeka kuliko kawaida na macho yanang'aa. "Utaona," akasema. "Leo utaona."

Ukumbini kulikuwa na watu sitini na kitu, meza ndefu, viti vya wanafunzi vinavyobana mapaja. Walikuwepo wahasibu, wauguzi, mafundi umeme, kila mtu na kasha lake. Mwamuzi alikuwa yuleyule wa mwaka juzi, mwanamke mrefu, karani wa mahakama siku za kazi, fulana nyeusi na miwani iliyoning'inia kifuani. Alipomwona Kiwembe akatabasamu. "Mama Badili, leo umetulia?"

"Leo nimetulia," Kiwembe akajibu, na alisema kweli.

Raundi zilikuwa tano, kila raundi mchezo mmoja. Ukifungwa mara moja unaweza bado kuingia wanane bora. Ukifungwa mara mbili, chukua mkoba wako. Kiwembe alikata uzi, akahesabu seti kwa migongo bila kuzigeuza, sitini kamili, akaanza kuchanga. Hapo hapo kidole gumba kikashtuka. Kadi zote zilikuwa ndani ya vifuko vyake vya plastiki, vimechakaa sawasawa kwa miezi mitano ya mazoezi, lakini kimoja kiliteleza zaidi ya vingine. Kidogo sana, mtu mwingine asingejua. Akajiambia ni jasho la mikono.

Raundi ya kwanza alishinda kabla chai yake haijapoa. Ya pili alikutana na msichana mkimya mwenye seti ya majeshi mazito, na minara yake mitatu ikaanguka mmoja baada ya mwingine huku yeye hana cha kuzuia. Hakuna mtu mlangoni. Maneno ya mzee yakampita kichwani, akayafukuza. Raundi ya tatu akashinda, lakini kwa jasho. Kila akichanga, kile kifuko kiliteleza tena chini ya kidole. Alikuwa akikijua kilipo katikati ya seti kama unavyojua kijiwe kilipo ndani ya kiatu. Mguu ukaanza kucheza chini ya meza. Angeweza kugeuza kadi akaangalia, lakini alijiambia: hapana, hiyo ndiyo njia ya kurudi kwenye tabia yako, mwanamke, acha mikono hiyo itulie.

Raundi ya nne alikaa na mwalimu wa hesabu mwenye mafua, bwana mpole aliyepenga kamasi kila baada ya zamu na kuomba radhi kila alipopenga. Upole wake uliishia hapo. Alicheza kama anasahihisha mitihani. Kiwembe akaangusha mnara mmoja, akaangusha wa pili. Mwalimu akajibu, akaangusha miwili naye. Sasa kila mtu amebaki na mmoja. Mwalimu alikuwa na wapiganaji watano mezani, na zamu ijayo wangeuchukua mnara wa mwisho wa Kiwembe bila wasiwasi. Kiwembe alihitaji zamu mbili ili amalize. Alikuwa na moja. Akanyoosha vidole kuvuta kadi, na kabla hajaiinua akajua ni ile inayoteleza.

Akaigeuza. Bibi wa Mlangoni alikuwa anamtazama, na kwenye pembe ya juu, tone la kahawia.

Kiwembe akaelewa. Hakuwa na haja ya kuuliza. Aliiona droo, akaiona mikono inayotetemeka ikifungua fundo, ikichomoa mshale mmoja, ikitafuta kifuko kipya ili Bibi avae kama wenzake, ikihesabu sitini kwa lenzi, ikifunga tena. Mzee aliijua sheria ya sitini. Sheria ya orodha hakuijua, kwa sababu Kiwembe kwa aibu ya mwaka juzi hakuwahi kumsimulia adhabu ile ilitoka wapi. Yeye na mzee walikuwa wametulizana kwa miezi mingi, na siku tatu zile yeye alizojizuia, kumbe mwenzake ndiye aliyeshindwa kujizuia.

Na balaa lenyewe ni kwamba kuni mbili alikuwa nazo. Bibi akikaa mezani sasa hivi, wapiganaji wote watano wanagota mlangoni, zamu moja inapita, halafu mnara wa mwalimu unaanguka. Angekuwa ameshinda raundi tatu. Angebakiza moja tu. Mzee alikuwa sahihi, tena sahihi kwa namna inayotia hasira!

"Dada, zamu yako," mwalimu akasema kupitia kitambaa.

Nani angejua? Mwamuzi alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Au angeweza kuikalia tu mkononi, asiicheze, apigwe kwa heshima, abaki hata na jina lake. Alifikiria yote hayo, na nisikufiche, aliyafikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Lakini katika vyote alivyovitaka, zaidi alitaka mwaka huu uwe safi. Kama angeingia wanane bora na Bibi wa magendo, angekuwa ameingia Mama Badili, siyo yeye. Akaweka kadi mezani, uso juu, akanyoosha mkono.

"Mwamuzi!"

Karani wa mahakama akaja, akavaa miwani, akaitazama kadi, akaitazama orodha kwenye faili lake. Kichwa kikatikisika polepole. Meza za jirani zilishageuka kutazama. "Haipo kwenye orodha," akasema. "Mama Badili, tena?"

Hapo ndipo palipouma. Angesema siyo mimi, na ingekuwa kweli, na watu wangeuliza basi ni nani, na angelazimika kusimama katikati ya ukumbi ule amtaje mzee wa miaka sabini na mitano aliyefunga kibanda chake kwa sababu mikono imemsaliti.

"Tena," akasema. "Seti ni yangu. Andika."

Mchezo akaupoteza, na kwa kuwa ulikuwa wa pili, mashindano nayo yakaishia hapo. Mwalimu alimpa mkono, uso umemwiva kama yeye ndiye mkosaji. "Dada, ungenyamaza tu, nisingejua kabisa."

"Mimi ningejua," Kiwembe akasema, akakusanya kadi zake. Nyuma yake aliwasikia wawili wakicheka huku wameziba midomo, na jina lile likatajwa. Akatembea hadi nje, akakaa kwenye ngazi za shule, akalia kwa hasira, kilio kifupi cha mtu aliyeonewa na asiye na wa kumshitaki. Alipomaliza akapenga, akafuta vidole kwenye sketi kwanza asije akamchafua Bibi, akamchomoa.

Nyumbani mzee alikuwa amesimama mlangoni, na Kiwembe hata mkoba hajautua, mzee akaanza: "Eeh? Eeh?"

"Nimetoka raundi ya nne, baba."

Uso wa mzee ukaanguka. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, mikono inatetemeka juu ya magoti. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Kiwembe hakuwahi kuisikia kwake, akauliza: "Na Bibi? Hakutoka?" Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa Mshale wa Radi mmoja, akauweka mezani. "Nilimtia. Nilikuona siku tatu hugusi kitu, nikaogopa, nikasema mtoto huyu anakwenda mlango wazi. Nikatoa moja, nikatia moja. Nilihesabu, sitini kamili."

Kiwembe alimtazama. Maneno yote aliyoyapanga njiani, na yalikuwa mengi, mengine makali, akayaacha.

"Alitoka," akasema. "Alikuja zamu ile hasa niliyomhitaji, baba. Nilibakiza kidogo tu nishinde naye."

"Nilijua!" Mzee alipiga goti kwa kiganja. "Nilikwambia! Sasa kilikushinda nini?"

"Nilikosea. Makosa yangu."

"Ulibadilisha kitu," mzee akasema, na sasa alikuwa mkali, amepona kabisa. "Mkono wako huo! Nakufungia kasha kwa uzi, unafika kule unaanza mambo yako. Mwanangu, lini utatulia?"

Kiwembe akacheka, na kucheka kulimtoka kwa nguvu akaegemea ukuta. "Sijui, baba. Labda mwakani."

"Si ulisema unazigawa kadi?"

"Nilisema." Akavuta kiti, akakaa mkabala naye, akatoa karatasi nyeupe ya kiwandani kwenye mkoba na kalamu. "Ila mwakani orodha tunaandika wote wawili, na Bibi anakuwa wa kwanza."

"Kuandika ni kwa nini tena? Si unamtia tu?"

"Utaratibu wao, baba. Wanapenda karatasi."

Mzee akaguna kuhusu watu wanaopenda karatasi, akazivuta kadi kwake, akaanza kuchanga. Tatu zikamponyoka, zikaanguka sakafuni, akainama kuziokota moja moja, taratibu, kwa vidole visivyomtii. Kiwembe hakuinuka kumsaidia, maana mzee hakupenda. Aliandika jina la Bibi juu kabisa ya karatasi, akaweka kalamu chini, akamsubiri amalize.